Pima mto kwanza, kalavati baadaye

Samoni anayetoka Bahari ya Pasifiki kwenda kutaga katika vijito vya jimbo la Washington, Marekani, mara nyingi hazuiwi na bwawa kubwa lenye jina kwenye ramani. Anazuiwa na kalavati, bomba la bati lililolazwa chini ya barabara ya kawaida, ambalo dereva anayepita juu yake hajui hata kama lipo. Aliyelichagua alikuwa na swali moja: je, maji ya mafuriko yatapita bila kuikata barabara? Akapata kipenyo, akalilaza bomba, akaondoka. Samaki hakuwamo katika hesabu ile.

Siku hizi yumo, na kilichomwingiza ni sheria. Katika mikataba ya 1854 na 1855, makabila ya wenyeji yaliiachia serikali ya Marekani ardhi kubwa lakini yakabaki na haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo ina maana ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka 2001 makabila yakarudi mahakamani na hoja iliyo wazi: haki ya kuvua ina thamani gani ikiwa makalavati ya jimbo yanawaua samaki kabla hawajazaliwa? Jaji Ricardo Martinez akatoa amri mwaka 2013, na Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikagawanyika 4 kwa 4, hivyo amri ikabaki kama ilivyo. Jimbo lilitakiwa kufungua asilimia 90 ya makazi ya samaki yaliyozibwa na makalavati yake katika eneo la kesi ifikapo 2030. Ndiyo maana Washington imekuwa chuo cha kazi hii, na vipimo vingi hapa chini vimetoka huko.

Kalavati humzuia samaki kwa njia nne: anguko, kasi, kina kidogo na takataka. Mara nyingi zote zina mzizi mmoja, wembamba. Chukua kijito chenye upana wa mita 3 ukikisongeshe katika bomba la sentimita 90. Maji yanajaa upande wa juu, yanapungua nguvu pale, yanaangusha changarawe zake mlangoni. Ndani ya bomba yanakimbia. Yakitoka upande wa chini yana kasi na hayana changarawe, kwa hiyo yanachimba. Kila msimu wa mvua shimo linaongezeka, sakafu ya mto inashuka, na baada ya miaka kadhaa mdomo wa bomba umebaki ukining'inia hewani. Lililokuwa bomba linalopitika limekuwa ukuta, na hakuna aliyeligusa.

Kanuni za zamani za Washington zinaonyesha jinsi nafasi ya samaki ilivyo finyu. Kwa Chinook na koho wakubwa, aina mbili za samoni, anguko lisizidi mita 0.30, na kwa trauti mkubwa, ndugu yao mdogo, mita 0.24. Kina cha maji ndani ya kalavati kisipungue vipimo hivyohivyo: mita 0.30 na mita 0.24. Kasi inategemea urefu. Katika kalavati la kati ya mita 3 na 18, Chinook anaruhusiwa mita 1.8 kwa sekunde, na trauti 1.2. Likipita mita 60, Chinook anashushwa hadi 0.9 na trauti hadi 0.6. Sababu ni misuli. Samaki ana mbio fupi za nguvu ambazo zinaisha haraka, na baada ya hapo anahitaji mahali pa kupumzika, na bomba laini halina mahali hapo.

Unaweza kusanifu kalavati kwa kufuata vipimo hivyo, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika. Mimi sishauri, ila pale ambapo hakuna njia nyingine. Tatizo ni kwamba unamsanifia samaki mmoja, wa ukubwa mmoja, katika mtiririko mmoja. Kifaranga cha koho chenye urefu wa kidole hutafuta njia ya kupanda vijito vidogo wakati wa vuli ili ajifiche katika vidimbwi vya pembeni kabla ya mafuriko ya majira ya baridi. Ukilisanifu kwa ajili ya mama yake, yeye umemfungia nje. Njia iliyo bora inaliacha swali la kasi kabisa. Inaujenga mto ndani ya kalavati: upana uleule, mteremko uleule, mawe yaleyale. Kama samaki aliweza kupita mita 50 za kijito hapo chini, ataweza kupita mita 20 za kijito chini ya barabara, awe mkubwa au mdogo.

Kazi inaanza kwa kupima mto. Kipimo cha kwanza ni upana wa maji yanapojaa hadi ukingoni, yaani pale ambapo yakizidi kidogo yanaanza kumwagika kwenye uwanda. Dalili zake ni mahali mteremko wa ukingo unapobadilika ghafla, mwisho wa mchanga mpya, na mstari ambapo mimea ya kudumu inaanza. Pima sehemu kadhaa, uchukue wastani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima karibu na kalavati kwa sababu gari limeegeshwa pale. Upande wa juu mto umetanuka kwa changarawe zilizorundikana, upande wa chini umetanuka kwa shimo. Tembea hadi pale ambapo athari ya barabara imekwisha, ndipo ufungue futi.

Kwa vijito vidogo, kanuni ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington ni nyepesi kukumbuka: upana wa sakafu ndani ya kalavati ni upana wa mto mara 1.2, ongeza mita 0.6. Kijito cha mita 3 kinadai mita 4.2. Linganisha na lile bomba la sentimita 90 utaona ukubwa wa deni. Mto ukizidi kama mita 4 na nusu, au kama una uwanda mpana unaopitisha mafuriko, acha kalavati ujenge daraja.

Kipimo cha pili ni mteremko. Piga usawa wa sakafu, yaani pima kimo chake, kwa urefu, angalau mara 20 ya upana wa mto kila upande, ukipima kila kilele na kila kidimbwi. Sakafu mpya isizidi mteremko wa mto wa juu mara 1.25. Kama mto una asilimia 3, mwisho wako ni asilimia 3.75. Ukizidisha, mawe yanayotoka ndani hayatarudishwa na mawe yanayokuja, na baada ya mafuriko machache utakuwa na zege tupu.

Kipimo cha tatu ni mawe. Ingia kwenye sehemu nzuri ya mto, tembea ukiokota jiwe moja kila hatua bila kuchagua, hadi yafike 100, upime upana wa kila moja. Yapange. Jiwe la 84 kuanzia dogo ndilo linalokupa picha ya mawe yanayoshikilia sakafu. Mchanganyiko wako uwe na ukubwa wote, kutoka mawe hayo hadi mchanga, na asilimia 5 hadi 10 iwe chembe laini chini ya milimita 2. Makandarasi hupenda kuacha chembe hizo wakidhani ni uchafu. Zikikosekana, sakafu inakuwa chujio: kiangazi maji yote yanazama kati ya mawe na kijito kinakauka juu huku kinatiririka chini. Kosa hili huonekana mara nyingi, na linaumiza zaidi kwa kuwa kila kitu kingine kinaweza kuwa sawa.

Kalavati boksi lizikwe asilimia 30 hadi 50 ya kimo chake. Lenye kimo cha mita 2.4 litakuwa na sakafu ya mawe isiyopungua sentimita 72. Weka mchanganyiko kwa tabaka za sentimita 15 hadi 30, shindilia, kisha mwagia chembe laini na maji ya mpira hadi maji yaanze kusimama juu badala ya kuzama. Rudia kila tabaka. Usiiache sakafu ikiwa bapa: chora njia ya maji machache katikati, na upange mawe makubwa pembeni kuwa kingo. Ukuta wa zege ni laini, na bila kingo hizo maji yote yatakimbilia ukutani na kuchimba mfereji pale, huku katikati pamebaki pakavu. Kama umechagua tao lisilo na chini, msingi wake ushuke chini ya kina ambacho mto unaweza kuchimba.

Ujenzi wenyewe hufanyika kiangazi, katika wiki zilizotajwa kwenye kibali, wakati mayai hayamo changaraweni na maji ni kidogo. Mpangilio wake haubadiliki sana. Weka nyavu juu na chini, kisha ondoa samaki, kwanza kwa kuwaswaga, halafu kwa kifaa cha umeme mikononi mwa aliyefunzwa. Jenga kizuizi cha magunia makubwa ya mchanga upande wa juu, na maji yahamishwe kwa bomba au pampu hadi upande wa chini. Mdomo wa pampu uwe na kichujio chenye matundu yasiyozidi milimita 2.4, na kiwe kipana kiasi kwamba maji yanakisogelea kwa mita 0.12 kwa sekunde au chini ya hapo. Kikiwa kidogo, kasi inawabana vifaranga kwenye wavu hadi wafe. Maji yanayochuruzika ndani ya shimo la kazi ni tope, hivyo yapigwe pampu hadi kwenye nyasi mbali na kijito. Na siku ya kurudisha mto, rudisha polepole, kwa saa, siyo kwa dakika. Maji ya kwanza yatakuwa machafu. Yazuie, yapige pampu nje, uendelee hadi yasafike. Kufungua magunia yote kwa mara moja ni kumwaga tope la wiki nzima juu ya samaki wa chini.

Kuna jambo linaloamuliwa mapema kuliko haya yote: lile anguko la zamani litaenda wapi? Bomba lililoning'inia kwa mita moja na nusu lilikuwa limeshikilia sakafu yote ya juu. Ukiling'oa, mto utajichimba kurudi juu hadi upate mteremko wake, na unaweza kufika kwenye msingi wa daraja la jirani, bomba la maji au ardhi oevu inayotegemea kiwango kile cha maji. Kama hakuna cha kuumia, acha mto ujisawazishe, maana changarawe zile zilizorundikana zinahitajika chini. Kama kipo, sambaza anguko kwa sakafu ya mawe makubwa yaliyochanganywa na chembe laini, au kwa vizingiti vya magogo, kila kimoja kisizidi mita 0.30. Kizingiti cha gogo hufa kwa njia mbili: maji hupita chini yake au huzunguka ncha zake. Kwa hiyo zika ncha ndani ya ukingo si chini ya mita moja na nusu, tandika kitambaa cha ujenzi upande wa juu kikishuka ndani ya sakafu, kisha fukia kwa changarawe zenye chembe laini.

Ngazi ya samaki, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama vidato ili samaki apande kizuizi, nitaigusia tu. Inafaa pale ambapo kizuizi hakiondoki. Pale Hells Gate kwenye mto Fraser, Kanada, maporomoko ya mawe ya mwaka 1914 yaliyotokana na ujenzi wa reli yalibana mto kiasi cha kuangamiza makundi ya samoni wanaopanda kutaga, na njia za zege zenye penyo wima zilizofunguliwa katikati ya miaka ya 1940 zikawarudishia njia. Bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia lilikamilika 1938 likiwa na ngazi. Grand Coulee, juu zaidi, halina. Hesabu muhimu ya ngazi ni nguvu ya maji kwa kila mita ya ujazo ya kidimbwi, isizidi kama wati 190 kwa samoni wakubwa. Mtiririko wa mita za ujazo 0.3 kwa sekunde ukianguka mita 0.3 unatoa wati 883, kwa hiyo kidimbwi kinahitaji mita za ujazo 4.6: mfano urefu 2.4, upana 1.6, kina 1.2. Kikiwa kidogo zaidi maji yanachemka na samaki hapati pa kutulia. Halafu kuna mlango. Ngazi nzuri yenye mlango mbali na mahali samaki wanapokusanyika haina faida, na mtiririko wake ukiwa hafifu mbele ya mto mkubwa samaki hataugundua. Ngazi pia inadai mtu wa kuondoa matawi maisha yake yote. Kalavati pana halidai.

Kupita ni nusu ya kazi. Samaki akifika juu akute nini? Vijito vingi vya pwani ile vilinyooshwa, na kati ya miaka ya 1950 na 1970 vikosi vililipwa kuondoa magogo mitoni kwa imani kwamba marundo yake yanazuia samaki. Matokeo yalikuwa mifereji iliyonyooka, yenye mawe makubwa tu, bila vidimbwi. Gogo kubwa lililolala mtoni hugawanya maji: mbele yake yanachimba kidimbwi kirefu na baridi, nyuma yake yanatulia na kuangusha changarawe za saizi ambayo samoni anataka. Ndiyo maana leo wahandisi wanarudisha magogo kwa makusudi, na wanayasanifu yakae.

Adui wa kwanza wa gogo mtoni ni kuelea kwake mwenyewe. Chukua gogo la msonobari wa Douglas, kipenyo mita 0.6, urefu mita 12. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 3.4. Likiwa kavu uzito wake ni kama kilo 500 kwa mita ya ujazo, hivyo likizama lote linasukuma juu kwa takriban kilo 1,700. Zidisha kwa 1.5 kwa usalama, unahitaji kilo 2,550 za kulibana. Jiwe lililo ndani ya maji halina uzito wake wote: kila mita ya ujazo ya jiwe hubaki na kilo 1,650 tu. Kwa hiyo gogo moja linadai mita za ujazo 1.5 za mwamba, au mita za ujazo 2.3 hivi za changarawe za kufukia, kwa kuwa karibu theluthi moja ya changarawe ni nafasi tupu. Anayesahau kutoa uzito wa maji anaishia na magogo yaliyosafiri hadi kwenye daraja la chini.

Mafundi wazuri hupunguza mwamba kwa kutumia magogo yenye mizizi yake. Kitako cha mizizi kinaelekezwa upande wa juu wa mto, shina linazikwa ukingoni au chini ya magogo mengine, na rundo zima linafukiwa kwa changarawe zilizochimbwa pale pale. Nguzo za mbao zinazopigiliwa wima kina kirefu husaidia rundo lisisukumwe. Kina chake kihesabiwe kuanzia chini ya mchimbo unaotarajiwa, kwa maana rundo likifanya kazi yake vizuri litachimba hasa mguuni pake. Kamba za chuma siziamini: zinasuguana na mbao, zinalegea, na zikikatika zinabaki mtego kwa samaki na kwa wapiga makasia. Acha pia nafasi ya rundo kukua, kwani mto utaleta matawi yake.

Mahali changarawe zenyewe zimekwisha, kwa mfano chini ya bwawa linaloshikilia kila jiwe, unaweza kuzileta kwa lori. Ziwe za mviringo, zilizooshwa, za sentimita 1.3 hadi 10, na kwa Chinook ziweze kufika 15. Usizimwage kwenye mto ulionyooka kabla ya kuweka magogo, maana mafuriko ya kwanza yatazibeba zote. Penye bwawa lisilo na kazi tena, dawa ni kulivunja. Kwenye mto Elwha mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, moja lao likiwa limesimama tangu 1913 kilomita 8 tu kutoka baharini bila njia ya samaki. Mchanga na changarawe za miongo mingi zilishuka, na sehemu ya chini ya mto, ambako kabila la Lower Elwha Klallam lilikuwa limekwisha kujenga marundo ya magogo, ilikuwa na mahali pa kuzishika.

Msomaji wa Kisumu au Mwanza anaweza kuuliza samoni anamhusu nini. Ningu wa Ziwa Victoria naye hupanda mito kama Nzoia na Sondu mvua zinapoanza, ili kutaga, na barabara nyingi zinavuka vijito vyake kwa mabomba. Kasi na maanguko ya samoni hayawezi kunakiliwa kwa ningu, ni samaki wa namna nyingine. Njia ya kuupima mto na kuujenga ndani ya kalavati inaweza, kwa sababu haitegemei kujua samaki anaogelea kwa kasi gani. Upana, mteremko na mawe vipo pale kijitoni, vinangoja futi.

Kazi ikikamilika, mkataba uwe na fedha za kurudi. Rudi baada ya mafuriko makubwa ya kwanza na upige tena usawa uleule wa urefu. Ndani ya kalavati tazama kama kingo za mawe zimesimama, kama zege limeonekana, na kama njia ya maji imehamia ukutani. Rudi tena mwisho wa kiangazi, uone kama maji yanaonekana juu ya sakafu kutoka mlango hadi mlango. Vuli tembea upande wa juu ukihesabu viota: samoni jike hufagia changarawe kwa mkia, na mahali pale panang'aa kuliko sakafu iliyo kando. Visipoonekana mwaka wa kwanza, kabla ya kulilaumu kalavati lako shuka chini ya mto ukakague vivuko vyote hadi baharini, maana bomba moja lililoning'inia huko linatosha kuacha kijito chote kitupu.